Mpiga Deki wa Stesheni na Siri ya Skrini ya Nne

Treni ya saa mbili asubuhi imeshamwaga abiria wake, na ukumbi wa stesheni umebaki na nyayo za matope, tiketi zilizokunjwa na harufu ya mafuta ya injini. Mwanamke mmoja mwenye sare ya buluu anachovya dekio kwenye ndoo, analikamua, kisha anaanza kurudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, huku akivuta maji kuelekea kwake. Nyuma yake, ukutani, watu wanamsengenya mtu.

Si watu hasa. Ni skrini saba, kila moja ndefu kama mlango, zimesimamishwa kati ya dirisha la tiketi na vyoo. Ndani ya kila skrini wamekaa wawili kwenye benchi, wakubwa kama wewe na mimi, vichwa vimekutana, wananong'ona. Ukiwakazia macho wananyamaza. Mmoja anakohoa, mwingine anajiweka sawa nguo, halafu wote wanakutazama kwa ile sura ya "una shida gani?" Ukiwapa kisogo, au ukijifanya unasoma simu, wanaendelea walipoishia.

Mwanamke wa sare ya buluu anapita skrini ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akifika ya nne anainua dekio, anabeba ndoo yake, na kuanza tena kwenye ya tano. Mbele ya skrini ya nne sakafu imebaki na vumbi lake.

"Hapo sipigi mimi," anasema bila kusimama. "Hapo anapiga mwenzangu wa zamu ya usiku. Mimi pale nimeshamaliza."

Stesheni nzima inamwita Mama Deki. Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni, lakini maandishi yamefutika, na hata msimamizi wake hulitafuta kwenye daftari akitaka kumwandikia jambo. Ana miaka hamsini na miwili. Amepiga deki ukumbi huu miaka kumi na tisa, mara tatu kwa zamu, siku sita kwa wiki, na magoti yake sasa yanatabiri mvua kuliko redio. Mshahara wake unalipa kodi ya vyumba viwili na chakula cha wiki tatu. "Wiki ya nne namwachia Mungu," anasema. "Yeye angalau jina langu analijua."

Kilichompata mwezi uliopita mbele ya skrini ile kimemwacha mdomo wazi mpaka leo. Mwandishi wa simulizi hii alitumwa stesheni kuandika habari za sanaa. Ilibidi sanaa ikae pembeni kidogo.

Skrini hizo ni kazi ya msanii mmoja, binti wa miaka ishirini na minane anayezungumza haraka na kula kucha. Mwaka jana aliweka kibanda cha kitambaa cheusi sokoni kwa wiki mbili. Yeyote aliruhusiwa kuingia na kusimulia umbea alioudaka au kuueneza mahali pa watu wengi: kwenye foleni, kwenye benchi, kwenye kituo. Majina yalikatazwa. Asiyetaka sura yake ionekane alirekodiwa sauti tu, kisha waigizaji wakakaa badala yake wakiwa wamegeuza migongo.

Waliingia watu mia mbili na kumi na mbili. Msanii alitegemea thelathini.

"Nilishtuka jinsi watu walivyo na mizigo," anasema. "Wengine walikuja wakicheka, wakatoka wamelowa machozi. Mzee mmoja alirudi mara tatu kuongeza kipande alichokuwa amekisahau."

Juu ya kila skrini kuna jicho dogo la kamera linalotambua kama umeielekea au umeipa mgongo. Mitambo imefundishwa tabia ya wambea wa kweli: wakijua unawatazama, kimya, wakidhani huna habari nao, wanafunguka, na kadiri unavyozidi kujifanya huna habari ndivyo wanavyozidi kumwaga. Shida ni kwamba abiria hawawezi kuvumilia. Wanasikia "sasa sikiliza nikwambie alichofanya yule mume," wanageuka, na mambo yanakatika hapo hapo. Kwa hesabu ya mitambo, msikilizaji wa kawaida hudumu sekunde kumi na tisa.

Lakini kulikuwa na mmoja aliyekuwa akidumu dakika arobaini. Kila siku asubuhi, mchana na jioni, mitambo iliandika mgeni huyo wa ajabu, aliyepita skrini zote saba bila kugeuka hata mara moja. Msanii alidhani kamera zimeharibika. Akaja kukaa stesheni siku nzima, amnase mwenyewe.

Alimnasa. Alikuwa ameshika dekio.

"Deki hupigwa kinyumenyume," Mama Deki anaeleza, akishangaa kwamba jambo hili linahitaji maelezo. "Ukienda mbele unakanyaga ulipotoka kusafisha. Sasa mimi nikirudi, ukuta uko mgongoni. Ile mashine ikadhani sina habari nao."

Kwa hiyo wakati abiria wanaambulia makombo, mpiga deki alikuwa anasikia umbea wote tangu mwanzo hadi mwisho, mara tatu kwa siku, na bado analipwa. Wafanyakazi wenzake walimtania kwamba amepata tamthilia ya bure. Dada wa dirisha la tiketi alikuwa akimsubiri wakati wa chai amalizie visa vilivyokatika. Hakuambulia kitu.

Kwani Mama Deki ana sheria yake: cha sakafuni kinabaki sakafuni. Katika miaka kumi na tisa amesikia posa na talaka, wizi uliopangwa na wizi uliotubiwa. "Niliwahi kujua bwana harusi kaghairi siku mbili kabla bibi harusi hajajua," anasema. "Niliendelea kukamua dekio langu. Ningefanyaje?" Watu huinua miguu apite, na midomo yao haipumziki. Ukiwa na dekio mkononi, anasema, wewe ni kiti.

Katika kusikia huko alijijengea imani, na imani hiyo ndiyo iliyomponza.

"Mtu ukimkabili anakupa maneno yaliyovaa nguo za sikukuu," anasema. "Anakupamba, anajipamba. Lakini mtu asiyejua kwamba anasikika, huyo anasema kweli. Atakuwa anamdanganya nani?"

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa kike, wamepishana miaka minane. Baba alifariki mapema, mama akawalea kwa kuuza maandazi mlangoni, na Mama Deki ndiye aliyembeba huyo mdogo mgongoni, akamfundisha kusuka nywele na kupika, akamlipia masomo yalipomshinda mama. Watu walikuwa wakisema ukimchubua mmoja anatoka damu mwingine. Miaka kumi na moja iliyopita mama yao aliugua akalazwa, na siku ya sita akafariki alfajiri. Jioni ya kuamkia msiba, aliyekuwa hospitalini ni yule mdogo.

Walizika, wakalia pamoja wameshikana. Siku ya nne Mama Deki akarudi kazini, macho bado yamevimba.

Siku hiyo hiyo, akiwa anarudi kinyumenyume karibu na dirisha la tiketi, alisikia wanawake wawili kwenye benchi nyuma yake. Mmoja alikuwa akimsimulia mwenzake kwamba binti fulani alimwacha mama yake mgonjwa wodini akaenda kulala kwake. Kwamba mgonjwa aliomba maji mpaka kukakucha na hakuna aliyemwinulia kikombe. Akaitaja wodi. Akautaja mtaa. Ilikuwa wodi ya mama yake na mtaa wa mdogo wake.

"Dekio liliganda mkononi," anasema. "Nilitaka kugeuka nikashindwa. Nilikaa hivyo mpaka wakaondoka, nikabaki natazama maji ya ndoo."

Hakumuuliza mdogo wake. Hakumuuliza muuguzi, wala jirani, wala mtu yeyote aliyekuwepo. Lisemwalo lipo, alijiambia, na zaidi ya hapo lilikuwa limesemwa na watu wasiojua kwamba yupo. Kwake huo ulikuwa ushahidi kuliko kiapo.

Kuanzia siku hiyo akafunga mlango. Mdogo wake alikuja mara mbili kubisha, na mara zote mbili aliambiwa na watoto "mama hayupo," mama mwenyewe akiwa amekaa chumbani, mikono mapajani. Kadi ya harusi ilipoletwa, aliirudisha bila kuifungua bahasha. Mtoto alipozaliwa, hakwenda. Mjomba wao aliitisha kikao cha familia, akawakalisha mkabala, akamuuliza mkubwa kosa la mdogo ni lipi. Akajibu maneno matatu: "Anajua mwenyewe alichofanya." Akajifunga kilemba akaondoka.

Ndipo kioja kilipo, na msomaji akipime mwenyewe. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyelijua kosa, hata aliyehukumiwa. Familia ikagawanyika katikati juu ya jambo ambalo liliwahi kusemwa mara moja tu, mbele ya masikio mawili.

Sasa turudi mbele ya skrini ya nne. Ilikuwa Jumanne, wiki ya tatu ya maonyesho. Msanii alikuwa amebadilisha visa ili abiria wa kila siku wasichoke. Mama Deki alimaliza skrini ya tatu, akachovya, akakamua, akaanza ya nne. Mgongoni kwake, sauti ya mwanamke ikaanza taratibu. Mwandishi ameisikiliza mwenyewe, akiwa amesimama amegeukia vyoo kama mjinga, na haya ndiyo yanayosemwa.

"Ilikuwa stesheni, benchi la karibu na dirisha la tiketi. Dada mtu alikuwa anapiga deki, katupa mgongo. Nilijua anasikia. Watu wa usafi wanasikia kila kitu, ila hawageuki. Ndiyo maana nikaenda pale. Sikuwa na safari yoyote."

Sauti inaendelea.

"Nikamwambia mwenzangu, nimeigeuza sauti yangu asinitambue, sauti ya kiasi, isiwe kubwa akashtuka, isiwe ndogo ikampita. Umesikia yule binti? Kamwacha mama yake wodini, kaenda kulala. Mgonjwa kalilia maji mpaka asubuhi. Nikaona dekio limesimama. Nikaona na mgongo umesimama. Nikajua limeingia."

Sauti ya msanii inauliza: na ukweli?

"Ukweli walimtoa. Saa za kuona wagonjwa zilikwisha, wakamtoa. Akakaa nje ya wodi kwenye benchi la zege mpaka kukapambazuka, hakwenda popote. Mimi ndiye niliyempelekea blanketi na chai alfajiri. Nilimkuta midomo imepauka kwa baridi. Mimi huyu huyu."

Mama Deki hakuhitaji kuambiwa ni nani. Sauti ile alikuwa ameisikia mara nyingi kwenye baraza la mdogo wake: fundi cherehani wa nyumba ya pili, rafiki wa chanda na pete wa mdogo wake, aliyelia msibani kuliko wafiwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea, na huyu alikuwa fundi wa nguo zenyewe.

Aligeuka. Ndilo kosa la kwanza alilofanya kazini kwa miaka kumi na tisa. Alipogeuka, wale waigizaji wawili kwenye skrini wakanyamaza, wakageuza shingo, wakamtazama. Mmoja akakohoa.

"Nikawaambia, endeleeni," anakumbuka. "Naongea na televisheni, mtu mzima mimi. Wananitazama tu."

Ilibidi awape tena mgongo. Mara tatu aligeuka akashindwa kujizuia, mara tatu wakamkatia. Mara ya nne aliegemeza paji la uso kwenye mpini wa dekio, akafumba macho, akasikia mpaka mwisho. Sababu ilikuwa hii: fundi alikuwa amempa rafiki yake siri ya ndoa yake, siri nzito, kisha akaisikia kwenye foleni ya maji. "Nikasema na yeye auonje mdomo wa watu," sauti inasema. "Nilitaka dada yake amchukie wiki moja. Wiki moja tu. Sikujua yule mwanamke hataniuliza mimi, wala mdogo wake, wala mtu."

Maji yalikuwa yametapakaa. Abiria mmoja aliteleza akakaa chini, hakuumia ila suruali yake. Msimamizi alifika mbio, akamkuta Mama Deki amesimama anatetemeka, akadhani ni malaria. Kisha akaona dimbwi, akamwandikia onyo, la kwanza katika miaka kumi na tisa. Sababu kwenye karatasi hiyo imeandikwa: "Kusimama bila kufanya kazi."

"Nililitia saini," anasema Mama Deki. "Sikusoma. Hata wangeniandikia nimeua ningetia saini, maana kichwani mwangu nilikuwa nimeshajihukumu hivyo."

Msanii alipopata habari, alikaa kwenye benchi akashika kichwa. Alikuwa ameahidi kuwaficha walioingia kibandani, na hakuna jina lililotajwa, lakini sauti haina kilemba cha kujifichia. "Nilidhani natengeneza mchezo wa kuwachekesha watu kidogo na tabia zao," anasema. "Nimefanya kazi hii miaka miwili, na sikuwahi kujiuliza itakuwaje siku msengenywa akipita." Alitaka kuzima skrini ya nne siku hiyo hiyo. Mama Deki akamkataza.

"Nilimwambia, mwanangu, ukizima kesho nitasema niliota."

Fundi naye alipofuatwa na mwandishi huyu kwenye cherehani yake, alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Alidhani rekodi zitapelekwa kwenye jumba la maonyesho huko mbali, kwa watu wa miwani. "Niliingia mle kibandani kulitua jambo hili," alisema. "Wakaenda kulitundika pale pale nilipolitendea." Alipoulizwa kama ataomba msamaha, alianza kushona tena.

Mdogo mtu anaishi ng'ambo ya reli. Kwa miguu, kutoka stesheni hadi mlangoni kwake, ni dakika ishirini na mbili. Mwandishi alizihesabu kwa saa, kwa sababu hakuamini. Dakika ishirini na mbili, na miaka kumi na moja.

Mama Deki alizitembea Alhamisi, siku yake ya mapumziko, saa tisa mchana, baada ya siku mbili bila usingizi. Mdogo wake ni dobi. Hufua mashuka ya nyumba ya wageni, thelathini kwa siku, na ua wake wote ulikuwa umetandwa kamba na mashuka meupe. Walionana miguu kwanza, chini ya shuka. Mdogo akalisogeza kwa mkono, akaona ni nani, na hakulia wala kukasirika.

"Shikamoo, dada," alisema, kama walikuwa wamekutana jana.

"Marahaba."

Mama Deki alikuwa amepanga maneno njiani. Akayamwaga yote kwa mkupuo: skrini, sauti, fundi, benchi, maji ya mama, blanketi. Mdogo wake alisikiliza huku akikamua shuka, na alipofika kwenye kosa lenyewe, mikono ikasimama.

"Kumbe ni hilo," alisema. "Nilimwacha mama. Ndicho ulichokuwa unakijua."

"Ndicho nilichosikia."

Mdogo alipindua beseni, akalikalia. Kwa miaka yote hiyo, alisema baadaye, alikuwa amejihesabia makosa yake madogo moja moja: sufuria aliyoazima asiirudishe, neno alilolisema kwenye mazishi, siku aliyosahau kumwamkia shemeji. Hakuna siku aliyowahi kulifikiria hilo. Hilo halikuwa na mlango wa kuingilia kichwani mwake.

"Fundi nilimkosea," alisema kwanza, kwa haki. "Siri yake niliitoa. Nilimwambia mtu mmoja. Mmoja tu, lakini niliitoa."

Kisha akamtazama dada yake.

"Na leo umekuja kwa sababu skrini imesema."

"Ndiyo."

"Isingesema?"

Mama Deki alishika ncha ya shuka lililokuwa kambani.

"Unaona, dada? Hata leo hujaja kuniuliza. Umekuja kuniambia ulichosikia. Ulisikia kibaya ukakaa nacho, umesikia kizuri umekileta mbio. Mimi katikati hapo sipo. Mimi nilikuwa hai, nakaa hapa hapa ng'ambo ya reli, nina mdomo." Alifuta mikono kwenye gauni. "Niulize."

"Nikuulize nini tena, mdogo wangu, na nimeshajua?"

"Hujajua. Umesikia. Niulize kwa mdomo wako."

Mama Deki anasema hajawahi kufanya kazi ngumu kama kulitoa swali lile. Mashuka yalikuwa yanapigapiga. Alisogea akachutama mbele ya beseni, magoti yale mabovu yakalia, macho yao yakawa sawa.

"Ulimwacha mama?"

"Hapana, dada. Sikumwacha."

Ndipo alipolia, mdogo mtu, kwa sauti, na jirani akachungulia kwenye ukuta kuona kama kuna msiba. Mama Deki alimshika kichwa akakilaza begani kwake. Walikaa hivyo mpaka maji kwenye karai yakapoa.

Alipotulia, mdogo alisema jambo ambalo Mama Deki hakulitegemea, na akilisimulia sasa anaweka dekio chini na kukaa kwenye benchi, jambo asilolifanya wakati wa zamu.

Mama yao alikuwa ameacha neno. Jioni ile, kabla kengele ya kutoa wageni haijalia, alimwita mdogo, akampa ujumbe wa kumpelekea mkubwa. Mdogo alingoja msiba upoe amwambie kwa utulivu. Msiba ulipopoa, mlango ulikuwa umefungwa. Aliwahi kufikiria kulituma kupitia kwa mjomba, akaona neno la mama si mzigo wa kupakia kwa mtu mwingine. Akalikalia miaka kumi na moja.

"Alisema, 'Dada yako anatoka kazini amechoka. Mwambie asije huku mbio mbio. Ale kwanza.'"

Mama Deki anatazama mikono yake. Halafu anasema jambo ambalo hajawahi kumwambia mume wake, wala watoto, wala mtu yeyote chini ya jua.

Jioni ile alitoka zamu saa kumi na moja. Angeweza kwenda hospitalini moja kwa moja. Lakini hakuwa ameweka kitu tumboni tangu asubuhi, akapita nyumbani kwanza, akala. Alikula sahani nzima, anasema, akaongeza na nusu. Alipofika hospitalini geti lilikuwa limeshafungwa, mlinzi akamwambia arudi asubuhi. Asubuhi hakukuwa na wa kumrudia.

"Kila siku nilikuwa naona ile sahani," anasema. "Nilijua mimi ndiye niliyemwacha mama, kwa ajili ya tumbo. Siku nilipowasikia wale wanawake wakisema ni mdogo wangu, nisikufiche, kuna mahali ndani nilipumua. Nilipata wa kumpa. Ndiyo maana sikuuliza. Nilikuwa naogopa asije akaniambia hapana."

Mwandishi alifunga daftari. Treni ya saa nne iliingia, ukumbi ukajaa, watu wakaanza kuzunguka skrini, wakicheka, wakigeuka, wakikatiziwa. Mama Deki aliwatazama kama anayetazama watoto wakichezea jiko.

Maonyesho yanafungwa mwisho wa wiki hii. Msanii amemuomba aingie kibandani, asimulie yake, ipelekwe mji mwingine pamoja na nyingine. Amekataa kwa upole. Kwa fundi hajakwenda bado. Anasema atakwenda, ila si mwezi huu, na akienda atamuuliza habari za kazi kwanza. "Yeye alidanganya kwa dakika tano," anasema. "Kazi iliyobaki niliifanya mimi."

Mdogo wake hajasema amemsamehe. Alipomsindikiza mpaka kwenye reli Alhamisi ile, alimwambia kwamba kuna mambo mengine atamuuliza na yeye, taratibu, na kwamba siku nyingine atakasirika, amvumilie. Mama Deki akasema sawa. Kabla ya hapo, kwenye kamba za mashuka, walipishana na binti wa mdogo mtu, wa miaka tisa, aliyetoka shule, mabegani ana mkoba mkubwa kuliko yeye. Akaamkia, akaambiwa huyu ni mama yako mkubwa. Mtoto akamtazama juu mpaka chini. "Mbona sijawahi kukuona?" akauliza, na hapakuwa na mtu mzima aliyejibu.

Mama Deki ameomba ruhusa ya Jumapili hii, ya kwanza kuomba tangu aajiriwe bila ya kuuguliwa wala kufiwa. Kwenye fomu, palipoandikwa sababu, msimamizi alimwambia aandike "shughuli za kifamilia." Akaandika "kwenda kula kwa mdogo wangu," na msimamizi, baada ya kuikodolea macho karatasi, akagonga muhuri.

"Kaniambia niende mapema, nikae mpaka jioni," anasema, akiinuka na kulishika dekio. "Nami yule mtoto nataka aniulize tena lile swali lake. Safari hii nitamjibu."